Pikipiki na Foleni ya Magari



Siku hizi wakulima wengi hupeleka nyanya na mchicha sokoni kwa pikipiki. Njia za kijijini hazina magari mengi. Lakini ukifika Kimara au Ubungo, Dar es Salaam, utakuta foleni. Wapanda pikipiki wengi hupenya kati ya magari. Hapo pana hatari. Zingatia mambo haya manne.

Kwanza, tazama mzigo wako. Kama tenga ni pana kuliko usukani, usipenye. Kaa nyuma ya gari, usubiri zamu yako. Tenga likigusa gari moja, utaangukia la pili.

Pili, usipite kati ya magari yanayokwenda. Ukienda kilomita 36 kwa saa, unapita mita 10 kila sekunde. Gari likihama ghafla, hutawahi kusimama.

Tatu, magari yaliyosimama nayo yana hatari. Abiria hufungua mlango. Muuza maji hutokea mbele ya basi. Kama huna budi kupita, nenda mwendo wa mtu anayetembea, vidole vikiwa kwenye breki.

Nne, jihadhari na malori. Usipouona uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni. Lori refu likikata kona, magurudumu ya nyuma huja upande wa ndani. Usikae hapo.

Vaa kofia ngumu, ufunge mkanda wake. Abiria wako naye avae.

Nyanya zikichelewa, utapata hasara ya siku moja. Mguu ukivunjika, nani atalima?