Wapagazi wa Unyanyembe na Likizo ya Desemba

Wanangu wa Ipuli, hapa Tabora, sogeeni karibu. Shule zimefungwa, mvua zimeshika, maembe yameiva, na wageni wa Krismasi wameanza kushuka stendi na stesheni na mabegi yao. Kila nyumba ina pilikapilika. Huyu anakamata kuku, yule anachambua mchele, na mwingine yuko mbele ya televisheni tangu asubuhi, sahani mapajani. Kabla sikukuu haijatubana, niwasimulie habari za wapagazi wa Kinyamwezi, mabingwa wa kutembea.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, mizigo ilisafiri kwa miguu na mabega ya watu. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa ni yapata kilomita 800, na hapa Unyanyembe njia ziligawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Akienda pwani alibeba pembe za ndovu. Akirudi alibeba vitambaa na shanga. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani na msafara wao Juni 1857, wakaingia hapa tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne njiani!

Haikuwa kazi ya raha. Wengine waliuawa na njaa na ndui, na njia hiyohiyo ilipitisha watu waliotekwa utumwani. Sisemi haya ili nanyi mkatafute mizigo ya kujitwisha. Nataka mjifunze jinsi wapagazi walivyoimudu safari.

Kwanza, waliwahi. Alfajiri walikuwa wameshajitwika, na mara nyingi jua la mchana liliwakuta kambini. Pili, walikwenda pamoja: kirongozi, yaani mwongoza njia, mbele, amejipamba kwa manyoya na kitambaa chekundu, ngoma ikilia, mmoja akianzisha wimbo na wenzake wakiitikia. Tatu, walikwenda kwa kiasi. Walitembea, wakapumzika, kesho yake wakaamka tena. Na mvua zilipokaribia, wengi walirudi nyumbani kulima. Kwa hiyo kwa wazee wetu, Desemba ulikuwa mwezi wa jembe.

Sasa tazameni jinsi mwendo unavyoisaidia miili yenu. Ukila pilau, wali au chapati, chakula kinageuka sukari inayoingia kwenye damu. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari hiyo na kuitumia kama kuni za jikoni. Ukikaa tu, kazi hiyo hupungua. Tena, shikeni mashavu ya miguu yenu. Kila hatua unayopiga, misuli hiyo inabana mishipa na kuisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Moyo unasaidiwa na miguu! Ndiyo maana aliyekaa kutwa nzima huhisi miguu mizito.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili hadi moyo uende mbio. Si lazima zije kwa mkupuo. Kimbieni dakika kumi asubuhi, rukeni kamba baadaye, na jioni mvua ikikatika chezeni rede, kombolela au mpira. Kuchota maji, kufagia uwanja, kutwanga na kupalilia mahindi navyo vinahesabika. Wavulana, nanyi shikeni mchi na ufagio. Dada zenu wasibaki jikoni siku nzima huku nyinyi mko uwanjani. Kazi ikigawanywa, wote mtapata muda wa kucheza.

Wageni wakija, msiwaketishe tu. Baada ya kula, waombeni babu na shangazi mtembee pole pole mtaani. Siku moja, pamoja na mtu mzima, nendeni Kwihara, kusini-magharibi mwa mji, mkaone nyumba ya tembe ambamo wasafiri Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Barabarani piteni upande wa kulia, muyaone magari yanayokuja mbele yenu. Radi ikianza kunguruma, ingieni ndani. Chini ya mwembe si mahali pa kujificha.

Wala siwakatazi vyakula vya sikukuu. Msafara ulipofika Tabora watu walikula, wakacheza ngoma na kupumzika, kisha wakajitwika tena. Furaha ya chakula na furaha ya mwendo hazigombani. Kinachoharibu ni kukaa tu mwezi mzima, kisha Januari mwalimu wa michezo apige filimbi nanyi mwanze kuhema kabla ya kuzunguka uwanja mara moja.

Basi leo kabla ya kulala, chagueni kirongozi wenu wa likizo. Kila siku awe mwingine, mkubwa au mdogo, mvulana au msichana. Kazi yake ni kuwaamsha wenzake mapema, kuanzisha wimbo, na kuhakikisha hakuna anayeachwa nyuma.