Kabla ya kupiga hema Singida, lisome korongo kwanza

Mwezi Agosti, korongo la Singida lina kila kitu anachokitaka mtu aliyechoka na safari. Mchanga wake ni mlaini na umelala sawa. Kingo zake zinakinga upepo, juu kuna kivuli cha mgunga, na kuni kavu zimetapakaa zikisubiri kuokotwa. Gari linashuka bila shida na hema linasimama kwa dakika chache. Ndiyo maana wageni wengi hulala humo. Na katika eneo lote utakalolitazama kutoka hapo uliposimama, hakuna mahali pabaya zaidi pa kulala.

Siku hizi vijana wa mijini wamependa kupiga kambi. Zamani hema lilikuwa la mtafiti, mwindaji au mzungu wa misheni. Sasa utakuta kundi la marafiki kutoka Dodoma, Arusha au Dar es Salaam limepakia majiko ya gesi, magodoro ya kujaza upepo na spika, linatafuta mahali ambapo simu haishiki. Wengi huishia kaskazini kwenye hifadhi zenye majina. Wachache wenye jicho la kutafuta hupinda kuja katikati ya nchi, na Singida huwapokea vizuri: mawe makubwa ya matale yaliyopandana, maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai pembeni mwa mji, jua la jioni lisilozuiwa na kitu. Tatizo ni kwamba nchi hii kavu haijaandikiwa vibao. Mgeni anaachiwa macho yake, na wahenga walishasema mgeni ni kipofu japo ana macho.

Tuanze na umbo la ardhi. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya lami kuelekea magharibi, Kintinku hukupokea mkoani Singida ukiwa bado kwenye tambarare, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kisha unapanda. Reli nayo hupanda ukuta huohuo pale Saranda, na juu yake kuna Kilimatinde, mji mkongwe ambao Wajerumani waliufanya boma lao, unaotazama bonde la Bahi kama mtu aliyesimama roshani. Ukivuka mkoa mzima hadi upande wa Iramba, unashuka tena: mlima Sekenke, wenye kona ambazo madereva wa malori hawazitanii, unakuteremsha hadi mbuga ya Wembere. Kwa hiyo Singida ni uwanda wa juu wenye kingo, na mvua inayonyesha juu lazima itafute njia ya kushuka. Njia hizo ndizo makorongo. Hayana kina cha makorongo ya Marekani tunayoyaona kwenye filamu, lakini kazi yao ni ileile.

Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na kiasi chake si kikubwa. Hapo ndipo mtu hudanganyika. Anafikiri nchi yenye mvua chache haina hatari ya maji, kumbe ni kinyume chake. Ardhi iliyopigwa na jua miezi saba, ikakanyagwa na kwato za ng'ombe, hufanya gamba gumu juu. Mvua ya kwanza ikipiga kwa nguvu haizami, inateleza. Inaingia kwenye vijito, vijito vinaingia kwenye korongo, na korongo ambalo asubuhi lilikuwa njia ya mbuzi linageuka mto kwa muda mfupi. Mara nyingi mvua yenyewe hunyesha kilomita nyingi juu huko, na wewe uliyelala mchangani unaona nyota. Maji yakifika hayafiki yakiwa safi. Hutangulia povu lililobeba majani, samadi na vijiti, na nyuma yake huja magogo.

Mambo haya yana majina na tarehe. Agosti 1997, katika korongo la Antelope jimboni Arizona, Marekani, watalii 11 walikufa kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na hapo walipokuwa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, korongo la Ol Njorowa katika Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, liliua vijana saba wa kanisa Aprili 2012. Septemba 1, 2019 likaua tena watu saba, akiwemo mtembeza wageni ambaye kazi yake ilikuwa kulijua korongo hilo. Sisemi hivi kumlaumu marehemu. Nasema kwa sababu inaonyesha kwamba uzoefu wa mtu hauzidi ujanja wa maji yanayotoka mahali asipopaona.

Na jirani yetu kabisa, tena ukiwa juu ya mawe ya Singida siku ya anga safi mlima wenyewe unauona, ni Hanang. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule ilimeguka, na tope lenye mawe na miti likafuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji vya karibu. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na hao hawakuwa wapiga kambi, walikuwa majumbani mwao. Anayesafiri kutoka Singida kwenda Babati hupita hapohapo.

Sasa, korongo linasomwaje? Tazama juu kabla hujatazama chini. Kwenye matawi ya miti ya kingoni utaona takataka zimenasa: nyasi zilizosokotana, vijiti, pengine mfuko wa plastiki au kipande cha gunia. Hazikupandishwa na upepo. Maji ndiyo yaliyoziweka, na pale zilipo ndipo maji yalipofika. Nimewahi kusimama kwenye mchanga mkavu kabisa, nikainua mkono, nikashindwa kuzigusa. Chunguza pia mizizi ya miti upande wa kingo: iliyoachwa uchi, huku udongo uliokatwa ukiwa bado mkali, inakwambia mto unahama na ukingo huo utaanguka. Kwa hiyo hata kulala juu ukingoni, miguu ikining'inia, si salama.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa. Hema la usiku mmoja si shughuli ya kudumu, lakini mimi nalichukua neno la sheria kama kipimo cha chini. Hesabu hatua zako kutoka kingoni, kisha tafuta mwinuko. Mwinuko wa mita chache tu, wenye udongo wa changarawe na nyasi fupi, unatosha.

Epuka udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unaonekana mgumu kama saruji na una nyufa zinazoingiza mkono. Kwenye nyufa hizo hukaa nge, na wakati mwingine nyoka. Ikidondoka mvua ya nusu saa, udongo huo unakuwa gundi na gari halitoki hata likiwa na magurudumu manne yanayosukuma. Kule Wembere watu wamewahi kusubiri jua siku kadhaa. Ukiona uwanda mpana, mweusi, usio na miti mikubwa isipokuwa migunga mifupi, piga picha na uendelee na safari.

Mawe ni habari nyingine, na hapa Singida ina utamu wake. Jiwe la matale hunywa joto mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku, na Juni na Julai, ambapo baridi ya uwanda huu inaingia mifupani, kulala karibu nalo ni neema. Pia linakinga upepo. Upepo wa Singida wa kiangazi hutoka mashariki, una nguvu kiasi kwamba wawekezaji wamekuwa wakiutolea macho kwa miaka mingi ili wautumie kuzalisha umeme. Kwa hiyo weka hema upande wa magharibi wa jiwe na mlango usitazame mashariki, la sivyo utaamka zipu imekatika na vigingi vimeng'oka.

Lakini usilikumbatie jiwe. Kwenye nyufa zake kuna pimbi, na palipo na pimbi chui hupita na nyoka hufuata. Kuna pia nyuki. Mkoa huu unasifika kwa asali, hasa Manyoni na Itigi, na asali haitoki hewani. Mpiga kambi anayewasha moto wa moshi chini ya ufa wenye nyuki atakimbia akiwa peku. Moto pia usiukokee ubavuni mwa jiwe, kwa kuwa matale yakipata joto la ghafla hupasuka na kurusha vipande. Kwa hiyo kubali kupoteza sehemu ya joto lake, ukae mbali nalo hatua 20 au 30. Ukiwa kwenye miti, inua shingo kabla ya kufunga kamba: kama kuna mizinga ya magogo imetundikwa, hapo pana mwenyewe, na wenye nyumba hawapendi tochi. Kiangazi nyuki hutafuta maji kwa udi na uvumba. Dumu lililoachwa wazi usiku, alfajiri utalikuta limezungukwa.

Jambo la maji ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu mwili unataka kulala karibu nayo. Wenyeji huchimba visima kwenye mchanga wa makorongo, na maji hupatikana kwa kina kidogo hata Oktoba. Upande wa kusini, kuelekea mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, tembo nao huchimba mchanga huohuo. Usiku kisima ni cha fisi na wenzake, na kukipambazuka ni cha mchungaji aliyetembeza ng'ombe tangu usiku wa manane. Ukiwa umepiga hema juu ya njia yake, umemfungia mlango. Chota maji mchana, jaza madumu, ondoka, ukalale mbali.

Hili si wazo jipya. Wapagazi wa karne ya 19 waliopita hapa kutoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, walilijua vizuri. Kati ya Ugogo na Tabora palikuwa na nyika waliyoiita Mgunda Mkali, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Manyoni na Itigi. Wapelelezi Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Penye umbali mkubwa kati ya kisima na kisima, misafara ilifanya terekeza: watu walipika na kunywa mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakatembea alasiri hadi giza, wakalala pakavu katikati ya nyika, na kesho yake wakafika maji mengine. Walifanya hivyo kwa sababu ya umbali, wala si kwa kuogopa mafuriko. Hata hivyo mpangilio ule bado ndio bora kwa mwenye Land Cruiser na madumu ya lita 20.

Henry Morton Stanley, mpelelezi mwingine wa karne hiyo, hakuwa na bahati ya kulala pakavu. Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1874, akiwa Ugogo, mvua ilimkuta na hema lake likageuka bwawa, masanduku ya mizigo yakiwa ndiyo kingo. Januari 1875 akaingia nchi ya Wanyaturu. Edward Pocock, mmoja wa Waingereza aliokuwa nao, akafia njiani kwa homa. Pale Vinyata msafara ulipiga kambi kandokando ya vijiji, ugomvi ukazuka, kambi ikazungushiwa boma la miiba na mapigano yakaendelea siku tatu. Stanley alipoteza zaidi ya watu 20. Habari hiyo tunayo kwa kalamu yake mwenyewe. Wanyaturu hawakuulizwa, wala vijiji alivyochoma havikuandika kitabu.

Leo hakuna anayekuja na mishale, lakini ardhi bado ina wenyewe. Kila kipande cha Singida kina kijiji, na kijiji kina mtendaji. Kwenda ofisini kwake, au kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukasema jina lako, unakotoka na unakotaka kulala, kunachukua dakika kumi. Hapo utaambiwa mambo ambayo ramani ya simu haina: korongo lipi lilichukua ng'ombe mwaka jana, tembo wako upande gani, na jiwe lipi ni la matambiko ambalo halilaliwi. Ukikutana na mzee njiani, msalimie "shikamoo" kabla ya kuuliza njia. Ndani ya mapori ya akiba hali ni tofauti: huko ni kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, na bila kibali unahesabika kuwa jangili hata kama ulichobeba ni kamera. Huko pia ndorobo wanauma hasa, na nguo nyeusi au ya bluu huwaita.

Kwa Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, naomba uende kwa adabu zaidi. Kambi zao mara nyingi huwa kwenye miinuko yenye mawe na vivuli, maji yakiwa ya kutembea kuyafuata, na ukizitazama utaona kwamba wamefanya zamani kila ninalolieleza hapa. Lakini ni nyumba za watu. Piga hema lako pale watakapokuonyesha, na usiingize spika.

Wakati mzuri wa safari hii ni kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Ukilazimika kuja baada ya hapo, kila jioni tazama upande wa juu wa bonde ulilomo. Ukiona wingu zito au radi huko, hata kama kwako ni kukavu, ng'oa hema saa hiyohiyo, usingoje kumaliza chai. Na ukikuta korongo limeshajaa mbele ya gari, zima injini ukae: maji ya ghafla hupungua ndani ya saa chache, na walio wengi wanaozolewa ni wale waliojaribu kuvuka.