Kufuta Jina Moja Bila Kumgusa Mwingine

Katika kata ya Bomani, mjini Tarime, mwalimu akiita "Mwita!" darasani, huenda wakaitika wanafunzi watatu. Majina ya Kikurya kama Mwita, Chacha, Marwa na Bhoke hurudiwa kizazi hata kizazi. Mwalimu hutambua kwa sura. Kompyuta haina uwezo huo inapotakiwa kumwondoa marehemu katika orodha kama Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo kwa uchaguzi wa 2025 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37.

Orodha kubwa za namna hiyo kwa kawaida hutunzwa katika kanzidata ya kimahusiano, ambayo nadharia yake ilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM. Taarifa hupangwa katika majedwali: kila mstari ni mtu mmoja, kila safu ni sifa yake moja. Karani hayagusi majedwali hayo. Yeye hujaza fomu tu. Programu iliyomo katika seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, ndiyo inayotunga amri. Msomaji na aitazame amri hii ya kufundishia:

DELETE FROM wapiga_kura WHERE jina = 'Mwita Marwa';

Neno la kwanza laamuru kufuta. WHERE hutanguliza sharti. Kompyuta haiulizi ni Mwita yupi. Hufuta kila mstari unaotimiza sharti, wafu kwa walio hai. Sharti likisahauliwa, jedwali zima hubaki tupu! Kwa hiyo sharti halina budi kutaja ufunguo mkuu, yaani namba isiyorudiwa, kama ile ya kadi ya mpiga kura.

Programu iliyotungwa kwa uangalifu hufungua kwanza muamala, hufuta, kisha huhesabu mistari iliyoguswa. Ikiwa si mmoja, hutoa amri ya ROLLBACK na yote hurudi yalivyokuwa. Muamala ukishathibitishwa, hakuna cha kutegemea ila nakala ya akiba. Aidha, programu haiungi maneno ya karani moja kwa moja ndani ya amri, kwani mtu mwovu aweza kuandika sharti lake mwenyewe. Huyapeleka kando, kama thamani tupu.

Lililo bora zaidi kwa daftari la watu ni kutofuta kabisa, bali kuongeza safu ya hali na kuandika humo "amefariki". Hapo kosa husahihishika. Lakini asiyejua kwamba ameandikwa marehemu hawezi kulalamika, na ndiyo maana daftari la awali hubandikwa vituoni ili kila mtu alitafute jina lake.