Unguja Ilitengwa na Maji, Pemba Ilitengwa na Ufa

Abiria anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja hupita juu ya maji ambayo kwa sehemu kubwa kina chake hakizidi mita 50. Weka mnazi mrefu juu ya mwenzake, na kilele kingekaribia kuchungulia juu ya mawimbi. Panda kaskazini, kati ya Tanga na Pemba, na kina hufika karibu mita 800. Visiwa ni majirani. Mbona chini yake hakulingani?

Wengi husema mito ndiyo hujaza. Ni kweli kidogo. Ruvu na Wami humwaga tope baharini, Rufiji humwaga mbele ya Mafia, na matumbawe nayo hujenga. Lakini yote hayo yamelala juu ya sakafu iliyokwisha kuinuka.

Sababu kubwa ni aina ya mwamba. Bara limejengwa kwa gamba nene, kilomita 30 hadi 40, la miamba myepesi ya jamii ya matale. Sakafu ya bahari kuu ni basalti nzito yenye unene wa kilomita 7 hivi. Kilicho chepesi na kinene hukaa juu, kizito na chembamba hukaa chini. Bara basi haliishii ufukweni: huendelea chini ya maji, kisha huporomoka kilindini. Sehemu hiyo iliyofunikwa wanajiolojia huiita tako la bara. Ghuba ya Uajemi, yenye kina cha wastani wa mita 35 hivi, imelala juu ya gamba la namna hiyo. Kwetu tako hili kwa kawaida ni jembamba, ila hupanuka Unguja na Mafia.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalikuwa yameganda kuwa barafu Ulaya ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini, na bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 hivi. Piga hesabu mwenyewe: Unguja ilikuwa kilima cha bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao sidhani waliogelea kutoka Bagamoyo. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi, nao wakabaki kisiwani hadi wakatoweka. Chui alidumu zaidi.

Pemba ni habari nyingine. Mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ilipasuka na kudidimia kati yake na bara, kwa hiyo hata bahari iliposhuka kisiwa kilibaki kimezungukwa na maji. Baadhi ya wanyama wake wa pekee ni wenye mabawa: ninga wa Pemba, bundi wake, popo wake mkubwa. Na kwa kuwa kilindi kiko karibu na pwani, jodari na nduaro hupita huko. Mlangobahari wa Unguja, ambako mwanga hufika chini na majani ya bahari humea, ni wa tasi na changu.