Skima, Mpango au Kiolezo?

Mfasiri akiliita neno 'skima' la saikolojia 'mpango', atapotosha: mpango hukusudiwa, ilhali mgonjwa hakuzikusudia fikra zilizomkaa tangu utotoni. Mwaka 1932 Frederic Bartlett alieleza jinsi Waingereza waliosimulia upya hekaya ya wenyeji wa Amerika Kaskazini walivyogeuza mitumbwi kuwa mashua. Habari ngeni ilikatwa kwa umbo walilokwisha kulizoea. Katika tiba aliyoiasisi Jeffrey Young wa Marekani, mtu aliyetelekezwa utotoni huweza kumwona kila achelewaye kuwa anamwacha. Husaidiwa kulitambua umbo hilo na kulibadili. 'Skima' lenyewe lakaribia mno skimu za umwagiliaji. Twapendekeza 'kiolezo': fundi cherehani asiyekibadili hukata nguo ya kipimo kilekile hata mtoto akikua. Wingi wake ni violezo. Na tiba yenyewe, 'tiba ya violezo'.