Ufa wa Ukutani Huanzia Ardhini

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, lakini wako mafundi wanaolitumia vibaya. Hupaka lipu juu ya ufa, hupokea malipo, kisha huenda zao. Mvua zikirudi, ufa nao hurudi ukiwa mpana zaidi, kwa sababu haukuanzia ukutani, ulianzia ardhini.

Jambo hili lawahusu sana askari wa jeshi na polisi. Wengi wao hujenga nyumba ya kustaafia kidogo kidogo, kwa mshahara, hali wako kazini mbali na kiwanja. Kilimani Wanyange, karibu na Jinja, na katika miinuko ya Mbale, viwanja vingi viko kwenye mteremko. Ili kupata mahali tambarare, fundi huchimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini. Hivyo nusu ya nyumba husimama juu ya ardhi asilia, na nusu juu ya kifusi. Kifusi kisichoshindiliwa hushuka. Ardhi asilia hubaki. Ukuta hupasuka katikati.

Dalili zake ni ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, na mlango unaokwama. Yafaa kutia alama ya kalamu kwenye ncha za ufa na kuandika tarehe. Ufa ukipita alama, nyumba ingali inashuka.

Tiba ya kwanza ni maji. Maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi, na mabomba yanayovuja yatengenezwe. Mara nyingi hilo peke yake hutosha. Lisipotosha, msingi hauna budi kuongezwa kina. Fundi huchimba chini ya msingi wa zamani mpaka afikie udongo mgumu, lakini kwa vipande vya kadiri ya mita 1 tu, tena visivyopakana. Kila kipande hujazwa zege, na zege ikiisha kukauka, mwanya uliobaki juu yake hushindiliwa saruji na mchanga vyenye unyevu kidogo. Ndipo kipande kingine huchimbwa. Anayechimba ukuta mzima kwa siku moja huiangusha nyumba juu ya vibarua wake. Kazi hiyo yataka mhandisi.

Lakini kuna ufa usio na tiba ya zege. Ni tarehe 1 Machi 2010 ambayo Bududa haitaisahau. Siku hiyo mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi baada ya mvua kubwa. Mitambo mizito haikuweza kufika. Wanajeshi walichimba kwa majembe na sepetu, na wengi wa waliofukiwa hawakupatikana kamwe. Maafa yalirudi Bukalasi Oktoba 2018, na Bulambuli Novemba 2024.

Basi tofauti hii ikumbukwe na kila askari, awe mjenzi au mwokoaji. Ukuta ukipasuka, nyumba hutengenezwa. Ardhi ya mteremko ikipasuka, watu huhamishwa siku hiyo hiyo, kabla mvua haijanyesha tena.