Tundu la Tatu la Soketi

Nyumba nyingi zilizokuwa zikimulikwa kwa koroboi sasa zina balbu darini na soketi ukutani. Huku Tanzania Bara kazi ya kuufikisha umeme mashambani yafanywa na Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, pamoja na TANESCO. Basi umeme umekuja, na maswali yamekuja pamoja nao. Watu huulizana barazani na kujibizana wao kwa wao, na majibu mengine ni ya hatari. Swali linalorudi mara nyingi ni hili: Kwa nini soketi ina matundu matatu, na hali chaja ya simu ina meno mawili tu, nayo yafanya kazi?

Soketi hii yenye matundu matatu ya pembe nne asili yake ni Uingereza. Kanuni ya kuitengeneza ilitolewa huko mwaka 1947, nasi twaitumia Tanzania, Kenya na Uganda. Matundu mawili ya chini ndiyo ya kazi. Umeme huja kwa waya mmoja, uitwao waya wa moto, huingia ndani ya chombo ukafanya kazi yake, kisha hurudi kwa waya wa pili, ndio nyutro. Tundu la juu halileti umeme hata kidogo. Waya wake, ambao mafundi huuita ethi, watoka kwenye bati la chombo, wapita ukutani, washuka mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini kando ya nyumba. Kazi yake ni kungoja siku ya ajali.

Tuchukue pasi. Waya wake hukunjwa na kukunjuliwa kila siku, hata siku moja ganda lake lachubuka kwa ndani, na waya wa moto wagusa bati. Ikiwa ethi ipo, umeme huo huishika njia ya ardhini, na vifaa vya kukata umeme hupata nafasi ya kuukata. Ikiwa haipo, pasi yaendelea kupata moto kama kawaida, nguo zapigwa vizuri, wala hakuna dalili yo yote machoni. Bati lenyewe limekuwa kama waya wa moto, nalo langoja mkono wa mtu aliyesimama pekupeku juu ya sakafu ya saruji yenye majimaji. Hapo mwili wake ndio utakaokuwa ethi.

Chaja ya simu haina haja ya jino la tatu kwa sababu ganda lake lote ni la plastiki, wala haina bati la kuguswa. Ndilo jibu la swali letu. Walakini hapa pametokea desturi mbaya. Ndani ya matundu mawili ya chini mna vifuniko vidogo, vimewekwa makusudi ili mtoto asiingize kijiti. Jino la juu ni refu kuliko yale mengine; hutangulia kuingia, likavifungua. Sasa mtu mwenye plagi ya meno mawili ya mviringo huchokoa tundu la juu kwa kalamu, au ufunguo, au msumari, ili vifuniko vifunguke. Kwanza, meno hayo hayashiki vema, hulegea, hutoa cheche, na soketi huungua polepole. Pili, na hili wengi hawalijui, waya za ethi za nyumba nzima zimeungwa pamoja. Kama fimbo ya ardhini haipo au waya wake umekatika, hitilafu ya jokofu jikoni yaweza kutokea kwenye msumari ulioshikwa chumbani. Adapta nzuri ya meno matatu haina bei kubwa, heri kuinunua.

Swali la pili latoka hasa kwa wapangaji. Mlango wa jokofu, au birika la umeme, humtekenya mtu vidoleni akiligusa. Humwambia mwenye nyumba, naye hujibu, “Vaa kandambili.” Ni kweli kandambili humzuilia aliyezivaa. Lakini je, mtoto atokaye kuoga, mwenye miguu mibichi, akaja kufungua jokofu atafute maji ya kunywa? Kule kutekenya, mara nyingi, ni habari kwamba ethi haifanyi kazi. Pengine umeme uvujao ni kidogo tu, na pengine ni mwanzo wa hitilafu kubwa. Kwa kidole huwezi kupambanua. Chombo hicho kichomolewe, fundi aitwe apime, na gharama ya ethi ni juu ya mwenye nyumba, maana ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo.

Tena mtu asidhani kwamba akiisha kupigilia fimbo amemaliza yote. Ardhi haipitishi umeme vema kama shaba, na ardhi kavu ya kiangazi ni mbaya zaidi. Kwa hiyo yaweza kutokea umeme ukavuja kwenda ardhini kwa kiasi kisichotosha kuikata fyuzi, lakini kinachotosha kumwua mtu. Ndiyo sababu nyumba yafaa iwe na kile kifaa cha kukata umeme chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Chenyewe hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Vikitofautiana, yaani sehemu umepotea njiani, hukata mara moja. Vile vya majumbani hukata tofauti ifikapo sehemu 30 katika 1000 za ampea moja. Kitufe kibonyezwe kila miezi mitatu. Umeme usipokatika, kifaa kimekufa. Wala kisitegemewe kupita kadiri: mtu akishika waya wa moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono huu, kifaa hakioni tofauti yo yote.

Juu ya fyuzi ya ndani ya plagi sina maneno mengi. Ile nyekundu ya ampea 3 ni ya taa na vyombo vidogo. Ile ya rangi ya kahawia ya ampea 13 ni ya pasi na birika. Ikikatika, mtu asiweke waya wala karatasi ya sigara ing’aayo, maana fyuzi imewekwa ili ife yenyewe kabla waya haujawaka. Na soketi moja huchukua kama wati 3000 tu; birika la wati 2000 pamoja na pasi ya wati 1000 zimekwisha kuijaza, hata kama waya wa kurefushia una matundu sita.

Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi. Katika mpya, wa moto ni kahawia na nyutro ni bluu. Ethi ni kijani, au kijani na manjano. Walakini rangi zaweza kumdanganya mtu, kwa kuwa wako mafundi waungao kwa waya wo wote walio nao mfukoni. Tanzania mafundi hupewa leseni na EWURA, na Kenya na EPRA. Si aibu kumwomba fundi aionyeshe kabla hajapanda ngazi. Akiisha kazi, na kabla hajalipwa, aende pamoja na bwana au bibi wa nyumba mpaka nje, awaonyeshe fimbo ilipopigiliwa na waya ulivyofungwa juu yake. Kisha warudi ndani, abonyeze kile kitufe cha T mbele ya macho yao.